Tamthilia fupi za Kakamega zahitaji kusomwa, si kutajwa tu

WASICHANA wa Shule ya Upili ya Butere, Kaunti ya Kakamega, walipopanda jukwaani mjini Nakuru mnamo Aprili 10, 2025, walikuta ukumbi usio na hadhira. Mwandishi wa mchezo wao, Bw Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa na polisi siku iliyotangulia. Waliimba wimbo wa taifa, wakateremka na kuondoka bila kuigiza, huku nje polisi wakirusha vitoa machozi kuwatawanya watu.

Mchezo huo, Echoes of War, ulivuma kote nchini. Ulitajwa na wanasiasa, mawakili, wazazi na vijana mitandaoni. Hata hivyo, miongoni mwa walioutaja kwa hasira au kwa fahari, ni wachache walioweza kueleza unaanzaje, mgogoro wake unajengwa vipi na unamwacha wapi mtazamaji.

Kitendo cha wasichana hao kina maana pana kuliko siasa za siku hiyo. Walikataa kuigizia viti. Walielewa kwamba mchezo usio na hadhira hubaki kuwa mazoezi. Swali walilouliza kwa kitendo hicho linahusu tamthilia fupi zote zinazotungwa Kakamega na kwingineko nchini: ni nani hasa anayezitazama, kuzisoma na kuzipima kama kazi za sanaa?

Kila mwaka, maelfu ya wanafunzi hushiriki Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, wakipanda ngazi kutoka kaunti ndogo, kaunti na kanda hadi fainali za kitaifa. Tamasha hilo lilianza mwaka wa 1959, enzi za ukoloni, likitawaliwa na shule za Wazungu na michezo ya Kiingereza. Baada ya uhuru, walimu na wanafunzi Waafrika walilifanya lao, wakaingiza hadithi za kwao, Kiswahili, ngoma na masimulizi.

Mchezo wa tamasha ni mfupi kwa lazima. Huchezwa kwa muda usiofika saa moja, na vifaa vyake sharti vitoshe ndani ya basi la shule na kupangwa jukwaani kwa dakika chache. Mwandishi wake mara nyingi ni mwalimu kijana, mwanafunzi wa chuo kikuu au mtu aliyewahi kusomea shule hiyo, ambaye bado hajachapisha kitabu hata kimoja.

Kwa sababu hiyo, tamasha ndilo kitalu kikubwa zaidi cha waandishi wa tamthilia nchini. Ni vigumu kupata jukwaa jingine ambapo kazi ya mtu asiyejulikana yaweza kutoka ukumbi wa shule ya mashambani hadi mbele ya Rais, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitumbuizwa na washindi, katika kipindi cha muhula mmoja.

Lakini kitalu hicho kina kasoro kubwa. Miche hupandwa, huchipuka, hupewa kikombe, kisha husahaulika. Mswada hurudi katika kabati la mwalimu na waigizaji humaliza Kidato cha Nne. Mwaka unaofuata shule husaka mchezo mwingine, na jina la mwandishi hubaki likijulikana na walimu wa drama peke yao. Ni pale tu serikali inapoingilia ndipo umma hupata habari kwamba kulikuwa na mchezo.

Butere ndio ushahidi bora. Mwaka wa 2013, shule hiyohiyo ilifika kileleni mwa mashindano ya kanda kwa mchezo wa Shackles of Doom, ulioandikwa na Bw Malala huyohuyo, mwaka ambao alichaguliwa mwakilishi wa wadi ya Mahiakalo katika bunge la kaunti. Mchezo ulisimulia jamii iliyogundua mafuta katika ardhi yake, kisha ikatazama kazi na faida zikichukuliwa na watu wa kutoka kwingine. Ulipigwa marufuku kwa madai kwamba ungechochea uhasama wa kikabila.

Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamuru mchezo uruhusiwe. Lilikuwa jambo la kufaa kwamba mlalamishi huyo, aliyekuja kuchaguliwa Seneta wa Busia mwaka wa 2022, ni mtunzi wa tamthilia pia. Lwanda Magere yake ilichapishwa mwaka wa 1991.

Miaka 12 baadaye mambo yalijirudia. Echoes of War ulizungumzia utawala wa kubuni unaotoka vitani, vijana waliopoteza imani na wakubwa wao, na nguvu mpya ya mitandao. Ulitungwa nchi ikiwa bado na kumbukumbu mbichi ya maandamano ya vijana ya Juni 2024. Ulipoondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu mjini Kisii iliamuru urejeshwe. Amri ilitolewa, lakini siku ya onyesho ukumbi ulikuwa mtupu.

Tofauti kati ya matukio hayo mawili inafaa kuzingatiwa. Mwaka wa 2013 amri ya mahakama iliupa mchezo jukwaa na hadhira. Mwaka wa 2025 iliupa jukwaa pekee. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa kama sehemu ya uhuru wa kujieleza. Mahakama yaweza kulinda haki hiyo. Haina uwezo wa kumfanya mtu aketi, asikilize na kufikiri.

Wizara ya Elimu ilikuwa na hoja zake. Waziri Julius Ogamba alisisitiza kwamba Bw Malala si mwalimu. Naye hakuwa tena kijana anayetafuta nafasi: alikuwa amehudumu kama Seneta wa Kakamega kati ya 2017 na 2022, akawania ugavana na kushindwa, kisha akawa Katibu Mkuu wa chama tawala cha UDA kabla ya kuondolewa mwaka wa 2024.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mwanafunzi wa miaka 16 hawezi kwa urahisi kukataa maneno anayopewa na mtu mzima aliyealikwa na shule yake. Mwanasiasa mwenye kinyongo aweza kuwavisha watoto maleba na kuwatuma wakapigane vita vyake. Mzazi anayeuliza maswali kuhusu jambo hilo hana kosa.

Hata hivyo, hatari hiyo haikingwi kwa kufunga mlango wa ukumbi. Njia ya kubaini iwapo mchezo ni sanaa au ni mkutano wa kisiasa uliovaa maleba ni kuutazama hadharani na kuujadili. Serikali ilipoufungia Echoes of War, ilimnyima mtazamaji nafasi ya kutoa hukumu hiyo, na papo hapo ikampa mwandishi sifa ambayo huenda mchezo wenyewe ungelazimika kuifanyia kazi. Mchezo uliopigwa marufuku haukosolewi. Huwa shahidi, na shahidi hasahihishwi msuko.

Hapo ndipo uhakiki unapohitajika. Je, mtazamaji wa kawaida apime vipi tamthilia fupi ya mwandishi chipukizi?

Kwanza, ajue kwamba ufupi una kanuni zake. Tamthilia ndefu yaweza kumlea mhusika taratibu, ikampeleka mjini na kumrudisha kijijini. Ile fupi hukata kipande kimoja cha maisha pale ambapo mambo yamekwisha kuiva. Mwandishi mzuri huingia akiwa amechelewa kidogo, ugomvi ukiwa umeshaanza, na hutoka mapema kabla ya kila kitu kuelezwa.

Mwandishi wa Ireland, J. M. Synge, alionyesha hilo mwaka wa 1904 katika Riders to the Sea. Mchezo mzima umo ndani ya jiko la mjane mmoja ambaye bahari imemnyang'anya wanaume wa nyumba yake. Mabinti zake wanafungua furushi la nguo zilizookotwa, na kwa kuhesabu mishono ya soksi wanatambua kuwa aliyezama ni kaka yao. Hakuna anayehutubia kuhusu umaskini wa wavuvi, kwa kuwa soksi imekwisha kusema yote.

Katika Kiswahili, Ebrahim Hussein alifanya jambo la karibu na hilo katika Wakati Ukuta, mojawapo ya michezo yake ya mwanzo, aliyoiandika akiwa kijana chuoni Dar es Salaam. Mgongano wa vizazi katika pwani inayobadilika hauletwi na wazee wawili wanaojadiliana kuhusu mila. Unaletwa na msichana, Tatu, anayetaka kutoka na kijana ampendaye, na mama asiyekubali. Jambo dogo la nyumbani linabeba zama mbili.

Kipimo cha pili ni wahusika. Katika mchezo mfupi, kila anayeingia jukwaani lazima awe na anachokitaka, na akitake sasa. Michezo mingi ya tamasha hushindwa hapa. Kiongozi mlafi huwa mlafi tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, na kijana mwadilifu hana doa. Watu wa namna hiyo hawasababishi taharuki kwa kuwa mtazamaji anajua tangu mwanzo nani atashinda.

Kipimo cha tatu ni mazungumzo. Dalili ya mwandishi asiyekomaa ni mhusika anayegeuka kuitazama hadhira na kuhubiri. Hotuba za aina hiyo hupigiwa makofi, na makofi huwapotosha waandishi. Mwandishi aliyekomaa humpa mhusika jambo la kuficha, akamwacha azungumze kuhusu chai, karo au mvua, ilhali watazamaji wanasikia lile lisilosemwa.

Kipimo cha nne kinahusu jazanda, na hapa Kakamega ina la kufundisha. Marehemu Prof Francis Imbuga alizaliwa mwaka wa 1947 huko Maragoli, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Vihiga lakini enzi hizo lilitawaliwa kutoka Kakamega. Akiwa mwanafunzi wa Alliance High School aliandika na kuigiza katika mashindano ya shule. The Fourth Trial ilichapishwa mwaka wa 1972, na miaka minne baadaye ikatoka Betrayal in the City, iliyokuwa miongoni mwa tamthilia zilizoiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka wa 1977.

Tamthilia hiyo imewekwa katika nchi iitwayo Kafira. Msomaji akizipanga upya herufi za jina hilo atapata Afrika. Kilele chake ni mchezo ndani ya mchezo: wafungwa wanatayarisha onyesho la kumtumbuiza mgeni wa kiongozi wa nchi, na wakati wa mazoezi bunduki za kuigiza zinakuwa za kweli. Imbuga alijua kwamba watawala huona jukwaa kuwa mahali pa burudani, na akalitumia kosa hilo la watawala kuwa msingi wa msuko wake.

Tangu wakati huo, nchi ya kubuni imekuwa desturi ya tamthilia ya Kenya. Mstahiki Meya ya Timothy Arege imo katika mji wa Cheneo. Kigogo ya Pauline Kea imo Sagamoyo. Zote mbili zimewahi kutahiniwa katika mtihani wa Kidato cha Nne, na serikali hiyohiyo iliyoshtushwa na utawala wa kubuni wa Butere ndiyo iliyowafundisha wanafunzi jinsi ya kusoma jazanda za namna hiyo darasani. Haiwezekani kumfunza mtoto kwamba Cheneo ni kioo cha jamii, kisha kushangaa anapojaribu kutengeneza kioo chake.

Lakini mhakiki mwaminifu ana swali kwa waandishi pia. Imbuga alihitaji Kafira. Aliandika wakati ambapo Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, baada ya mchezo wa Kikuyu wa Kamiriithu, Ngaahika Ndeenda. Barakoa ilikuwa kinga. Je, mwandishi wa leo anayeanza kwa kiti cha enzi, mfalme dhalimu na mshauri mnafiki anaihitaji barakoa hiyo, au ameizoea tu?

Kakamega yenyewe ina visa visivyohitaji mfalme. Kiwanda cha Sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka wa 1973 na kulisha sehemu kubwa ya eneo la magharibi, kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka wa 2019. Familia ya mkulima anayehesabu miezi tangu alipopeleka miwa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ni mchezo wa dakika 30 unaosubiri mwandishi.

Dhahabu nayo ina historia ndefu. Wachimbaji wa Kizungu walivamia Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria iliyokuwa ikilinda ardhi za wenyeji ili kurahisisha uchimbaji. Hadi leo watu wa Ikolomani hushuka mashimoni kutafuta riziki. Wake wawili wakisubiri kando ya shimo kujua ni mume wa nani aliyefukiwa: hapo pana taharuki kuliko katika ikulu kumi za kubuni.

Jamii za Isukha na Idakho zina Isukuti, ngoma iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Katika michezo mingi ya shule ngoma huwekwa mwanzoni na mwishoni ili kuchangamsha waamuzi. Mwandishi makini angeiingiza katika msuko wenyewe. Ngoma inayosikika nyuma ya jukwaa, ambayo mtazamaji hajui kama ni ya harusi au ya matanga, yaweza kufanya kazi ya kurasa tano za mazungumzo.

Suala la lugha pia halina budi kuguswa. Michezo miwili iliyoipa Butere umaarufu ina majina ya Kiingereza. Hilo si kosa, kwani tamasha hupokea lugha zote mbili na Imbuga mwenyewe aliandika kwa Kiingereza. Lakini mchezo unaotaka kusikika sokoni Khayega au katika kituo cha mabasi cha Mumias una nafasi kubwa zaidi ukizungumza Kiswahili. Henry Kuria alilitambua hilo akiwa bado mwanafunzi wa Alliance High School, alipoandika Nakupenda Lakini, iliyochapishwa mwaka wa 1957 na kuingia katika historia kama mojawapo ya tamthilia za kwanza za Kiswahili kuandikwa na Mwafrika.

Jina la Kuria linakumbusha jambo la msingi. Kazi ya mwanafunzi huyo inajulikana leo kwa sababu ilichapishwa. Ndivyo ilivyo kwa michezo ya mwanzo ya Hussein. Ndivyo ilivyo kwa wanafunzi waliopitia Makerere katika miaka ya 1960, wakati kundi la maigizo la chuo hicho lilipokuwa likizunguka vijijini na michezo mifupi katika lugha mbalimbali.

Mwaka wa 1968, David Cook na Miles Lee walikusanya baadhi ya michezo ya enzi hiyo katika kitabu cha Short East African Plays in English. Humo mna The Exodus ya Tom Omara, inayotokana na kisa cha kale cha Waluo cha ndugu waliotengana, na Keeping up with the Mukasas ya Elvania Zirimu. Waandishi wake hawakuwa na majina makubwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwanafunzi wa Kakamega aweza kukisoma kitabu hicho, lakini hana mahali pa kusoma michezo iliyoshinda kaunti yake mwaka juzi.

Mfumo wa elimu umechangia hali hiyo. Katika mtihani wa Fasihi ya Kiswahili wa KCSE kuna riwaya, tamthilia na diwani ya hadithi fupi. Diwani hizo, zikiwemo Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba na Mapambazuko ya Machweo, zimewafungulia njia waandishi ambao pengine wasingepata mchapishaji wa kitabu kizima. Hadithi fupi ina makao. Tamthilia inayotahiniwa daima ni moja na ni ndefu, na mwandishi wake huwa tayari ana jina. Tamthilia fupi haina makao, ingawa ndiyo ambayo wanafunzi huiigiza kwa miguu na sauti zao kila mwaka.

Kuna pia suala la haki za mwandishi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mtu au taasisi huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano tofauti. Kijana anayepewa pesa kidogo na shule ili aandike mchezo, bila mkataba wowote, aweza kujikuta hana haki ya kuuchapisha mwenyewe wala kuuza nakala kwa kundi jingine. Wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Hayo yote yana tiba, na nyingi kati yake hazihitaji fedha nyingi.

Shule na mwandishi watie saini ukurasa mmoja kabla ya mazoezi kuanza, ukisema shule ina haki ya kuigiza mchezo mwaka huo na mwandishi anabaki na hakimiliki. Jina la mwandishi liandikwe katika ratiba ya tamasha na litajwe kabla ya onyesho. Wanafunzi nao wapewe nafasi ya kuusoma mswada mzima na kuuliza maswali, na anayeona hawezi kusema maneno fulani aruhusiwe kukaa kando bila adhabu. Hilo lingejibu wasiwasi wa wazazi kuliko amri ya polisi.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti majukumu ya maktaba na shughuli za utamaduni. Kaunti ya Kakamega, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilichoko mjini humo, ina uwezo wa kuchapa kila mwaka kijitabu cha michezo mitano au sita bora ya eneo hilo, kwa Kiswahili na Kiingereza, kikiwa na utangulizi wa mhadhiri na maoni ya waamuzi. Nakala zikiwekwa katika maktaba za shule, michezo hiyo itaigizwa tena na watu wengine, na huo ndio uhai wa tamthilia.

Maoni ya waamuzi yana thamani ya pekee. Kila baada ya maonyesho, watu waliobobea huwaeleza walimu nguvu na udhaifu wa kila kazi. Huo ni uhakiki wa hali ya juu unaoishia katika chumba kimoja. Ukiandikwa na kuchapishwa, mwandishi wa Malava ataweza kujifunza kutokana na makosa ya mwandishi wa Butere, na mtazamaji atajua kwa nini mchezo uliopigiwa makofi mengi haukupewa ushindi.

Michezo hiyo inastahili pia kuonyeshwa kwa wananchi wakati wa likizo, kwa kiingilio nafuu, mbali na shinikizo la kikombe. Hadhira ya mashindano ni walimu na washindani, na kila mmoja ana maslahi yake. Mchuuzi aliyelipa shilingi zake hana maslahi yoyote. Akichoka atasinzia au ataondoka, na mwandishi atajua mara moja ni wapi mchezo wake ulipolegea.

Vyombo vya habari navyo havina budi kujisaili. Mwaka wa 2025 magari ya wanahabari yalijaa Nakuru kufuatilia mchezo mmoja uliozuiwa. Ni machache yaliyofuata michezo mingine ya msimu huo iliyoigizwa kwa amani. Gazeti linalotuma mwandishi kuripoti matokeo ya ligi laweza, mara moja kwa muhula, kutuma mtu kueleza ni mchezo gani mpya uliochezwa, umeandikwa na nani na una uzuri gani.

Mtaala wa Umilisi umeleta nafasi mpya. Katika shule za sekondari ya juu, mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo unajumuisha somo la maigizo na filamu. Wanafunzi wa somo hilo watahitaji maandishi ya kusoma na kuigiza darasani. Kipindi cha darasani hakitoshi tamthilia ya kurasa 100, lakini mchezo wa dakika 30 unatosha kusomwa, kuchezwa na kujadiliwa kwa wiki moja. Wachapishaji watakaolitambua hilo mapema watapata soko, na waandishi chipukizi watapata makao waliyoyakosa kwa muda mrefu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa sasa, mwandishi chipukizi wa Kakamega hutunzwa kwa kikombe ambacho hubaki shuleni, au kwa pingu ambazo humpa jina kwa wiki mbili. Fainali za tamasha zitaendelea kufanyika kila mwaka, na miswada mingine itarudi Butere, Mumias, Lurambi na Shinyalu ndani ya mabegi ya walimu. Kama kuna afisa wa kaunti, mhadhiri au mchapishaji atakayeiomba kabla haijafungiwa kabatini, kazi ya kuihifadhi yaweza kuanza na michezo mitano tu.